Jogoo wa Shemeji

Kidatu, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wa huku tuko salama. Dativa na watoto wanakusalimu, na Baba Mdogo Fulgensi naye anakusalimu sana. Bado yuko kwetu tangu alipotoka Mahenge baada ya kukosana na wanawe. Analala sebuleni.

Najua utauliza mbona sipigi simu. Uliniambia mwenyewe kuwa jambo la maana niandike, kwa sababu kwenye simu nikikuudhi unakata, lakini kwenye barua nitakuwa nimeshamaliza kusema ndipo ukasirike. Basi nimeandika, ingawa safari hii hakuna la kukuudhi. Kondakta atakukabidhi barua hii pamoja na tenga, na ndani ya tenga kuna jogoo.

Ni jogoo wa nguvu, mwekundu, miguu ya njano, kifua kama cha mpagazi wa magunia. Tangu tulipomzika baba mwaka jana nimekuwa nikimfikiria yule jogoo wake wa jicho moja. Amezeeka. Wewe mwenyewe Pasaka ulilalamika kwamba kuku wanaatamia mayai na mengi hayaanguliwi. Kundi linahitaji damu mpya. Yule mzee mchinje umle na wali, huyu achukue uwanja. Usiwaweke pamoja, wataumizana.

Ninachoomba ni umpokee vizuri, vile unavyowapokea kuku wageni siku zote, asije akapotelea kwa watu.

Mwanao,
Maximilian


Lumemo, Ifakara, 30 Juni 2024

Max mwanangu,

Marahaba. Jogoo amefika mzima. Kijana wa bodaboda alimtoa stendi, tenga kalifunga nyuma kwa mpira, na huyo jogoo aliwika njia nzima mpaka Lumemo yote ikajua kuwa Kandida kaletewa mzigo. Mwanamkasi alitoka dukani kwake kuja kutazama, akashika kiuno, akasema, "Shoga, huyu ni jogoo ama ndama?"

Sasa nisikilize. Jogoo wa baba yako hachinjwi. Usilirudie hilo neno. Baba yako alimpa jina la Diwani kwa sababu ana maneno mengi na hajawahi kujenga kitu, na hilo jina alilitaja kila asubuhi akimwaga pumba, hata ile wiki ya mwisho aliposhindwa kusimama na ikabidi nimwekee kiti mlangoni. Diwani atakufa kwa siku zake. Umri si kosa. Mimi pia siwezi mambo mengi siku hizi, mbona hujasema nichinjwe?

Mgeni sikumwingiza kundini siku ileile. Nilimweka peke yake kwenye kibanda cha kuni, na maji yake, na mawele yake, mpaka nikaridhika kuwa macho yake makavu na kinyesi chake kizuri. Kideri hakina salamu, kikiingia kinafagia mtaa mzima. Nilimtia chanjo ya jichoni, akanidonoa kidole. Halafu nikalihamishia tenga katikati ya uwanja ili waonane bila kugusana. Diwani alilizunguka hilo tenga asubuhi hadi jioni akilitukana.

Siku ya kumfungulia, kwanza nilimbeba kwapani nikamzungusha kwenye mafiga mara tatu, nikampaka majivu miguuni, kama bibi yako alivyonifundisha nilipoolewa. Kuku aliyezungushwa mafiga ameujua moto wa nyumbani, hatoroki. Kisha nikamwaga pumba na chenga mahali mbalimbali, asipatikane wa kulinda fungu moja, nikafungua.

Waliruka wote wawili. Vumbi, manyoya, kipi cha mguu wa mgeni kikampata Diwani kwenye upanga wa kichwani, damu. Nilikuwa na ufagio mkononi lakini sikuingia. Majogoo ukiwaamua kabla hawajamalizana, kesho wanaanza upya. Aliyewaamua ni yule tetea mweusi mwenye shingo nyeupe, tunayemwita Sista. Alikuja polepole akamdonoa mgeni utosini mara moja. Mgeni akanywea kama aliyeitwa ofisini. Diwani naye akajifanya ameona mdudu kule migombani.

Tangu hapo wamegawana. Diwani anakaa upande wa migomba na kuku wake wa zamani, mgeni anatembea mbele ya nyumba akikagua kila kitu. Nimemwita Mkaguzi. Nampenda, sitaficha. Asubuhi anawika hadi bati linaitika.

Kwa hiyo damu mpya nimeikubali. Kuifukuza ya zamani nimekataa.

Mama yako,
Kandida


Kidatu, 4 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako imetufurahisha sana. Nimeisoma kwa sauti, watoto wamecheka hiyo habari ya Sista.

Nina swali dogo tu. Hayo ya mafiga, ni kweli ulimzungusha zote tatu? Na kulikuwa na mtu aliyekuona, labda Mwanamkasi? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Zamu za kiwandani ni nyingi, msimu wa miwa umeanza. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao,
Maximilian


Kidatu, 8 Julai 2024

Kwa Shemeji Kandida,

Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini u mzima. Mimi nashukuru Mungu, isipokuwa mgongo, maana kochi la Maximilian ni fupi.

Nimepata furaha kubwa kusikia barua yako uliyomwandikia kijana wetu. Alitusomea sebuleni, neno kwa neno. Kumbe jogoo wangu umempokea kwa heshima zote: umemzungusha mafiga mara tatu, umempaka majivu, na jina umempa. Sikutarajia mambo yaende haraka namna hiyo.

Ukoo wetu unavyosema unaujua, shemeji, kwa sababu umekaa nasi miaka mingi. Jogoo wa shemeji akizungushwa kwenye mafiga ya mjane, mwenye jogoo naye amekaribishwa. Sikukulazimisha. Mikono iliyombeba ni yako.

Mimi sina makuu. Chumba cha marehemu kaka kitanitosha. Shamba la mpunga nitalisimamia mimi, na wageni wa nyumba watakuja kwangu, ili watu waache kusema kuwa mke wa Stanislaus anaishi kama nyumba isiyo na mlango. Nitafika Jumamosi ya tarehe 27, pamoja na Kaka Viktor, mkubwa wetu, naye atashuhudia kwa niaba ya ukoo. Na kama unavyojua, jogoo aliyepokelewa harudishwi.

Shemeji yako,
Fulgensi

Yule wa jicho moja afungiwe. Sipendi amsumbue wangu.


Lumemo, 11 Julai 2024

Maximilian,

Leo sikuiti Max.

Nimepata barua ya Fulgensi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili inasema jogoo ni wake. Wewe uliandika, "Nimekuwa nikimfikiria yule jogoo." Ukaandika, "Umpokee vizuri, vile unavyowapokea kuku wageni." Ulijua nitafanya nini. Ulijua miguu yangu itakwenda wapi na yule kuku kwapani, kwa sababu ulikua ukiniona nikifanya hivyo kwa kila kifaranga cha kununua. Ndiyo maana hukusema katoka kwa nani. Halafu ukauliza kama kuna mtu aliniona. Ulikuwa unamtafutia baba yako mdogo ushahidi, na mimi mama yako nilidhani unapenda kuku.

Barua yangu niliyokuandikia wewe, ukamsomea yeye.

Nitasema hili mara moja. Nyumba hii matofali yake tuliyafyatua na baba yako, yeye akikanyaga udongo, mimi nikichota maji mtoni na wewe mgongoni. Lile shamba la mpunga nimelipandikiza nikiwa ndani ya maji hadi magotini kabla Fulgensi hajajua lilipo. Asiyejua kumwaga pumba anakuja kupokea wageni? Niliolewa mara moja, na aliyenioa nilimpenda. Sitaki mwingine, hata wa kulala chumba cha pili, hata wa kuja na rozari shingoni.

Jana jioni nilimwambia Mwanamkasi. Aliweka chini kibaba cha mchele alichokuwa anampimia mteja, akasema, "Wamekufanyia ujanja wa kuku, na wewe wafanyie wa kuku."

Nijibu kwa maandishi. Simu yako sitaipokea.

Kandida


Kidatu, 16 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Ni kweli. Jogoo alimnunua Baba Mdogo, na aliniomba nisimtaje. Alisema wewe una kiburi, kwamba ukijua ni wake utamrudisha hata kama moyoni unataka msaada. Nikakubali. Dativa amechoka, mama. Tangu Machi mtu analala sebuleni, watoto hawana pa kusomea, na usiku redio haizimwi. Dativa amesema yeye au baba mdogo. Nikajiambia kuwa nyumba ya Lumemo ina vyumba vitupu, na wewe uko peke yako, na hivyo kila mtu atapona.

Lakini usidhani ni hilo tu. Ulipougua homa ile ya masika nilipata habari siku ya pili. Nililia kwenye choo cha kiwandani. Naogopa ipo siku nitapigiwa simu na Mwanamkasi na haitakuwa habari ya homa. Nilitaka pawe na mtu.

Naomba usimwaibishe mbele ya Baba Mkubwa Viktor. Wewe mpokee tu, tutayarekebisha polepole. Tarehe 27 nitajitahidi nije.

Mwanao,
Maximilian


Lumemo, 19 Julai 2024

Kwa Shemeji Fulgensi,

Milele amina.

Barua yako nimeipata. Karibuni Jumamosi hiyo, wewe na Shemeji Viktor na yeyote wa ukoo mtakayemwona anafaa kushuhudia. Mje na njaa, chakula kitakuwepo.

Jogoo hatarudishwa. Naijua mila.

Kandida


Lumemo, 29 Julai 2024

Max,

Hukuja. Kondakta alinipa salamu zako kwamba zamu imekubana. Sawa. Basi nitakusimulia ulichokikosa, na safari hii usome kwa sauti sebuleni kama ulivyosoma ile nyingine.

Walifika saa nne, Fulgensi, Shemeji Viktor, binamu yao Nikodemu na wanawake wawili wa ukoo. Fulgensi alikuwa na begi. Si la kutembelea, lilikuwa lile kubwa la bluu la Dativa, na mto ukitokeza kwenye zipu. Aliliweka moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha baba yako. Niliwakaribisha mkekani, nikawanawisha mikono.

Alfajiri ya siku hiyo nilimwita Mahmoud, mume wa Mwanamkasi, achinje, ili majirani wote waweze kula. Mkaguzi nilimkamata mwenyewe. Alikuja mkononi bila kukimbia, maana alishazoea kulishwa na mimi. Nililia, Max. Huyo kuku hakuwa na kosa. Alikubaliana na Diwani, alikubaliana na Sista, alikuwa na adabu kuliko waliomtuma. Sista hivi sasa anaatamia mayai yake kwenye kikapu nyuma ya mlango, na vifaranga vitakavyotoka ni vya kwangu. Lakini nilimkabidhi Mahmoud, nikageuka, nikaenda kuchambua mchele. Nisingemfanyia hivyo kama mngeniacha niishi.

Nilipika wali wa mpunga wangu mpya, unaujua unavyonukia. Mchuzi niliutia nazi, Mwanamkasi aliikuna. Wakala. Fulgensi alikula paja, akala na kidari, akasema, "Shemeji, mkono wako haujapoa." Alikuwa anageuzageuza bakuli kwa kijiko kama anayetafuta kitu, hakukiona, akaendelea kula.

Walipomaliza akafuta mdomo, akasimama. Akasema, "Wote mpo mashahidi, jogoo wangu amepokelewa katika nyumba hii, ameyazunguka mafiga, hivyo na mimi leo nimepokelewa. Kaka Viktor, naomba jogoo aletwe umwone kwa macho yako, kisha utamke."

Nikasema, "Umemla."

Akadhani sikusikia vizuri. Akasema, "Jogoo wangu. Yule mwekundu."

Nikasema, "Ndiyo huyo. Paja lake la kulia ulilila kwanza, la kushoto amekula Shemeji Viktor. Mlisema harudishwi, sikumrudisha. Mila haijasema haliwi."

Nikodemu aliacha kutafuna. Wale wanawake wawili waliinamisha vichwa, mabega yakaanza kucheza. Fulgensi alisema ni dharau, ni matusi kwa ukoo, kwamba nimeua kitu kilichozungushwa mafiga. Nikamwuliza mbele ya wote, ni kuku gani humu Lumemo asiyezungushwa mafiga, na ni yupi kati ya hao aliyezeeka bila kuingia chunguni? Nikamwambia kuwa kumpokea kuku wake sikukataa, nilimpokea kwa moyo mweupe, ila yeye Fulgensi hakuwa kwenye tenga. Angekuwemo ningemwona.

Shemeji Viktor alikuwa bado ana mfupa mkononi. Aliutazama, akaanza kucheka mpaka akakohoa, Mwanamkasi akamletea maji. Akasema, "Mdogo wangu, shahidi wako umemla mwenyewe na ukasifia upishi. Mimi nishuhudie nini tena?" Akasema gari la saa tisa lisiwaache.

Nawe nikujibu yako. Unaogopa nitakufa peke yangu. Homa ile aliyenibeba hadi hospitali ni Mwanamkasi, na aliyenipikia uji ni Mwanamkasi, na Fulgensi wakati huo alikuwa hai na ana miguu. Sijawahi kuwa peke yangu hapa. Kama una hofu ya kweli, njoo mara nyingi, usinitumie mtu. Na kuhusu Dativa, yuko sahihi. Lakini mgeni ni wenu, si wangu. Mzungusheni mafiga ya kwenu. Najua mnapikia gesi, hamna mafiga, hiyo ni shida mtakayoitatua wenyewe.

Limebaki moja. Fulgensi alipokuwa anachukua begi lake mlangoni, aligeuka. Hakuweza kuondoka bila neno. Akasema kwa sauti, ili wa ukoo wasikie, "Hata hivyo chakula chako kilikuwa na kasoro. Firigisi sikuiona. Firigisi ya nyumba hii siku hizi anapewa nani?"

Unajua mwenyewe firigisi ni ya nani kwa watu wetu. Miaka yote niliyoishi na baba yako nilimwekea juu ya wali, na alipokuwa na furaha alikata kipande akanipa. Baada ya kumzika, firigisi ya kila kuku nimekuwa nikiwapa watoto wa jirani, kwa sababu sikujua niifanyeje.

Nilikuwa nimeifunika kwa kisahani kwenye meza. Nikakifunua. Nikaichukua kwa vidole, nikasimama mlangoni, katikati kabisa, nikaila mbele yao wote. Ilikuwa ngumu kidogo, yule jogoo alikuwa na nguvu. Nilipomeza ndipo nikawapisha wapite.

Krismasi njoo na mkeo na watoto, mchele upo. Ukifika piga hodi usubiri. Nikisema karibu, ndipo uingie.

Kandida,
mwenye nyumba